Runinga ya Hooyo Haitoki Nyumbani Kwangu

Hooyo, mama yangu mpendwa,

Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha uliyoitumia sokoni tu na wateja wa maziwa ya ngamia, kwa sababu nataka maneno haya yasomwe na Garissa nzima, akiwemo mwanao Mahad. Mbele ya watu waliokuja kutupa pole kwa msiba wako, kaka yangu alisema nilitupa pesa kumnunulia mama asiyeona runinga ya 4K. Siku ile nilinyamaza kwa heshima yako. Leo sinyamazi.

Wewe ulikulia malishoni huko Bura. Uliweza kumtambua mbuzi wa jirani kwa alama ya sikio akiwa ng'ambo ya korongo. Kisha presha ya macho ikaanza kukuibia ulimwengu kidogo kidogo. Daktari alisema kilichopotea hakirudi, tulinde kilichobaki. Ukawa unakaa kwenye mkeka mbele ya ile runinga yetu ya zamani, ukiniuliza, "Sahra, huyu anayeongea anacheka au amenuna?"

Nilikuambia usogee karibu zaidi.

"Nikisogea naona chembechembe tu, kama mchanga," ulijibu. "Nikirudi nyuma naona ukungu. Niambie wewe."

Nikawa nakuambia. Lakini Ifrah, kitinda mimba wako, alipoolewa Marekani nawe ukashindwa kusafiri, hukutaka kuambiwa. Ulitaka kuona. Video ya harusi ililetwa na msafiri ndani ya kidude cha flash, imepigwa kwa kamera nzuri. Sisi wengine tulikuwa tumeshaiangalia kwenye simu tukaridhika. Wewe uliishika ile simu, ukaigeuza geuza, ukanirudishia.

Kesho yake nilienda dukani. Muuzaji alinipeleka moja kwa moja kwenye kioo kikubwa kuliko vyote. "Mwalimu, chukua hii ya 8K. Ndiyo ya kisasa."

"Kuna nini cha kuangalia cha 8K?"

"Vitakuja, inshallah."

"Vikija, nami nitakuja."

Nilimwomba aichomeke ile flash kwenye runinga ya kawaida, kisha kwenye ya 4K, zote za ukubwa mmoja. Nikapiga magoti, nikasogeza pua hadi karibu na kioo kama ulivyokuwa ukifanya wewe. Wateja walicheka. Nikawaacha wacheke. Kwenye ile ya kawaida niliuona mchanga wako, Hooyo. Kwenye ya pili niliona uso wa mdogo wangu.

Mahad alifika nyumbani nikiwa bado naifungua kwenye boksi. "Abaayo, dada yangu, una wazimu? Macho ya mama yamekwisha. Ataona nini?"

Alisema hivyo ukiwa umekaa palepale. Uliniambia tu, "Washa."

Ukauvuta mkeka hadi kipaji cha uso wako kikakaribia kugusa kioo. Ukaangalia kipande kwa kipande, ukifuata kwa kidole. Halafu ukauliza, "Mbona Ifrah analia?"

"Halii, Hooyo," Mahad alisema. "Anacheka. Sote tumeona."

"Analia. Hapa, jicho hili. Amefuta kwa kidole chenye hina."

Mahad aliinama, akatazama, akanyooka. Ukataka Ifrah apigiwe simu saa ileile. "Ulilia nini siku ya harusi yako?" ulimuuliza.

Ifrah akajibu, "Nilikuwa nakutafuta wewe kati ya watu, Hooyo."

Kwa hiyo mtu asiniulize kama ilifaa. Walimu wenzangu wakitaka ushauri, nawaambia kweli: kama unakaa mwisho wa sebule na unaangalia stesheni zetu hizi za kila siku, nunua ya kawaida, utalala usingizi mzuri. Mahad mwenyewe sasa ana 4K kubwa ukutani kwake, naye hukaa mbali nayo, akiangalia taarifa ya habari ambayo picha yake ni ileile ya zamani. Hiyo ni shauri yake. Yangu niliinunua kwa macho yako na kwa mahali ulipokaa.

Ulipotutoka, Mahad alikuja na pikapu na vijana wawili. "Hiyo ni mirathi," alisema.

Nikasimama mlangoni. "Mama ameacha mbuzi na nyumba. Hii ni mali yangu."

"Mwanamke mmoja, kioo kikubwa hivyo cha nini?"

"Cha kuangalia."

Tukafika kwa sheikh wa mtaa. Aliuliza swali moja tu: nani aliinunua? Mahad alitazama viatu vyake. "Yeye," akasema. "Basi ni yake," sheikh akajibu, akaendelea kunywa chai yake.

Hooyo, nyumba imepoa bila wewe. Kuna jioni nasikia hodi nikadhani ni fimbo yako ikigonga kizingiti. Lakini sijakaa kulia tu. Habaryar Dahabo, mdogo wako, naye macho yanamwishia. Mahad alimwambia apumzike tu, ni uzee. Mimi nilimfuata kwake nikamleta kwa mkono, nikamkalisha karibu kabisa na kioo. Alitazama taarifa ya habari niliyomfungulia mtandaoni kwa picha kali, kisha akapiga kofi.

"Kumbe msomaji huyu ni mzee hivi! Miaka yote hii sauti yake imenidanganya."

Nilicheka hadi machozi. Siku hizi huja na mashoga zake, wanawake wazima wenye ndimi kali, wamejipanga mkekani mbele ya runinga. Mahad akiitaka, awapite wao kwanza.

Mwenyezi Mungu alijaze nuru kaburi lako, Hooyo.

Binti yako ambaye haombi radhi,
Sahra