Mume Wangu Anasubiri Kadi ya Harusi Isiyokuwepo

Mpendwa Shangazi Yuliana,

Shikamoo. Naomba unisaidie kabla Jumamosi haijafika. Mwaka jana nilijifungua mtoto akafariki siku hiyohiyo, na tangu hapo nikawa nalia hata nikiwa nafua, nikaenda kwa mwanasaikolojia wa kliniki binafsi na kwa kweli ananisaidia, sasa napata usingizi, ila bima ya kazini haikubaliwi pale, inabidi nilipe kutoka mfukoni, na mume wangu Gervas, mchonga vinyago hapa Mwenge, nilipomdokeza mwanzoni alisema, "Kwani wewe kichaa? Mbona mie nimenyamaza?" Nikaogopa, nikawa namwambia hela inayotoka ni mchango wa harusi ya Gladness wa ofisini, na Gladness mwenyewe hana hata mchumba, na kwa vile mchango wa harusi hauna ubishi akawa ananiongezea na yeye, kumbe anasubiri kadi, juzi karudi na suti ya kuvaa harusini Jumamosi hii kutoka kwa fundi anasema, "Tumechanga vya kutosha, wasije wakatupa kadi ya singo, sie tunataka dabo, tuingie wote wawili." Nimemwonea huruma sana. Niache matibabu, au niseme harusi imeahirishwa? Nilisahau, kile kitanda cha mtoto alichokichonga bado kipo karakana, hajakipaka vanishi na hataki kiuzwe.

Demetria (si jina lake), Mwenge

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa kumpoteza mtoto. Kumlilia si ukichaa. Lakini hiyo harusi imenichekesha na kuniudhi kwa pamoja. Ukiiahirisha leo, kesho utamtafutia Gladness bwana harusi. Ishia hapo.

Matibabu usiache. Mwambie mwanasaikolojia wako kwamba unajilipia mwenyewe, umuulize kama anaweza kukupunguzia au muonane mara chache zaidi. Wapigie watu wa bima wakutajie anayetoa huduma hiyo wanayemlipia wao. Na hospitali ya serikali iliyo karibu nawe kaulizie kliniki ya afya ya akili, usione haya.

Sasa Gervas. Wewe umeshikilia neno lake la kichaa, mimi nimeshikilia kitanda. Angekuwa amepona, angekipaka vanishi au angekiuza. Mwambie leo akitoka kazini: harusi haipo, hela imekwenda kwa anayenisaidia kuubeba msiba wetu. Atakasirika, na ana haki, kwa hiyo omba radhi na usijitetee. Akishatulia, mwambie Jumamosi unakwenda kliniki na kadi ni ya dabo. Hata akivaa suti, nenda naye.