Mafuta ya Kupima na Hita ya Baba

Ghorofa ya nne, chumba cha nyuma,
Juu ya duka la viatu.
Jumapili mchana.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mgongo wako umeacha ukorofi. Wifi yangu hajambo? Na wanangu wanasomaje? Waambie shangazi yao yupo hai, ila wiki hii ana hasira. Sisi huku hatujambo kiasi. Baba anakula, analalamikia chumvi kila siku, na habari za kifua chake nitakueleza mbele. Mimi jioni miguu inaniuma, lakini hayo ni ya kazi, si ya ugonjwa.

Hita uliyotutumia ilifika salama bila hata mkwaruzo. Asante sana, Kaka. Majirani walikuja mmoja mmoja kuitazama kama bibi harusi, na Baba akawa anaipangusa vumbi ambalo halipo. Lakini niruhusu nikwambie ukweli. Hita inakunywa mafuta ya taa, na kuyapata mafuta ya taa kidogo kidogo katika mji huu kumenitoa jasho kuliko kazi inayonilisha.

Daktari alichosema Baba alipolazwa msimu wa baridi uliopita unakikumbuka. Chumba chake kisipoe, mchana wala usiku. Kifua kile kikishikwa tena, hatujui kama atatoka hospitali kwa miguu yake. Ndiyo maana jambo hili linaninyima usingizi, hata nikilieleza kwa utani.

Nilianzia kituo cha mafuta. Zamani pale nyuma palikuwa na pampu ya mkono, unakwenda na chupa yako, unapimiwa, unarudi nyumbani. Pampu imeng'olewa. Siku hizi wanauza dumu zima tu, limefungwa kwa lakiri. Nilimwomba muuzaji anifungulie moja anipimie chupa mbili, akanitazama kana kwamba nimemwomba anikatie nusu ya tairi.

Basi nikapiga moyo konde, nikasema tutajibana kwa chakula ninunue hilo dumu. Kwa adabu zangu zote nikamjulisha mwenye nyumba. Yule mama alinijia juu, Kaka, sikuwahi kumwona vile. Nyumba yake ngazi ni za mbao na sakafu ni za mbao, na hataki kusikia habari ya mafuta zaidi ya chupa mbili katika chumba chochote. Akikuta dumu, nihame siku hiyohiyo. Kusema kweli simlaumu sana. Lakini hebu fikiria: huyu hauzi chini ya dumu, yule hataki zaidi ya chupa mbili, na mimi niko katikati nimeshika chupa tupu.

Duka la rangi wanayo kwenye vichupa, ya kusafishia brashi. Bei yake utadhani ni manukato. Nilinunua kimoja, kikaisha Baba hajamaliza hata kulisifu joto.

Mwishowe watu wa kazini wakanielekeza kwa Bibi Robo. Huyu ni mjane anayekaa nyuma ya kiwanda cha magodoro, ana pipa barazani na anauza mafuta ya kupima. Jina la Robo amelipata kwa sababu robo lita ndicho kipimo anachokipenda, ukitaka zaidi anakuuliza unafanya sherehe gani. Anafungua akijisikia. Lazima uende na chombo chako, na ole wako uulize bei kabla hajapima. Ukimkera anakuruka, anamhudumia wa nyuma yako. Na ulimi wangu huu unaoujua, nimerukwa mpaka nikazoea. Sasa hivi nikifika foleni nanyamaza kama niko msibani.

Hicho chombo nacho kilinitia aibu. Kule kwa dobi ninakofanya kazi, kila siku tunatupa makopo ya ile dawa ya kulainisha mashuka, makopo mazuri, yana kifuniko imara. Nikachukua moja, nikalisuuza kwa maji ya moto hadi likaacha kutoa povu. Sisi watu wa dobi tunaamini kitu kikiacha povu kimetakata, kumbe dawa ile hung'ang'ania ndani. Nikanunua mafuta, nikamimina kwenye hita. Utambi ukashika utando, moto ukawa wa njano, masizi yakapanda ukutani, na chumba kizima kikanuka mashuka ya hoteli yaliyoungua. Baba alikohoa hadi nikaogopa. Alipopata pumzi akacheka, akautoa utambi, akaukata ncha kwa mkasi wangu ule mzuri. Hita ikapona, mkasi ukafa.

Baada ya hapo mambo yakatulia, na nikaanza kuvimba kichwa. Mafuta ya Bibi Robo yakawa yanadumu ajabu. Chupa ambayo kwa hesabu zangu ingeisha Jumatano ilikuwa inafika Ijumaa. Nikamsifu yule mwanamke kazini kwa kila aliyekuwa tayari kusikiliza. Nilikuwa nikirudi jioni nakuta chumba kina joto, dirisha limeachwa wazi kidogo kama daktari alivyoagiza, Baba yuko kwenye kiti anasikiliza redio. Nikajiambia hatimaye tumepata nafuu.

Jumanne mtambo wa mvuke ukaharibika kazini, tukaambiwa turudi nyumbani kabla hata ya chakula cha mchana. Nikapanda ngazi nimefurahi. Nikafungua mlango, nikamkuta Baba kitandani na koti lake la ulinzi, kofia imeshuka hadi masikioni, soksi kavaa mikononi, na blanketi langu juu ya lake. Hita niliigusa. Ilikuwa baridi kabisa.

Kumbe kila asubuhi anasimama dirishani kunitazama, na nikishakata kona anaizima. Anashinda hivyo kutwa nzima. Jioni akisikia watoto wa shule wanapita chini ya dirisha anaiwasha, kwa sababu anajua baada yao ni mimi. Bibi Robo wala hakuwa na mafuta ya maajabu.

Nilimgombeza, Kaka. Baba yangu mzazi, nikamgombeza kama mtoto aliyevunja vyombo. Nikamuuliza mafuta ninayoyasimamia foleni anamwekea nani. Yeye hata hakupandisha sauti.

"Nakuwekea wewe," akasema. "Unatoka kwenye mvuke umelowa. Ukiingia kwenye baridi utaugua, na wewe ukiugua tumekwisha sote wawili."

Nikawasha hita, nikaenda kulia kwenye ngazi.

Tangu siku hiyo nimembembeleza, nimemtishia kwa daktari, nimemtuma jirani achungulie. Baba haambiliki wala hasemezeki. Anasema amekuwa mlinzi wa usiku maisha yake yote, baridi anaijua. Mimi nikiondoka hita inawaka, na nikifika kazini moyo unaniambia imeshazimwa. Na kifua chake, ambacho kilikuwa kinakoroma asubuhi tu, sasa kinakoroma mpaka mchana. Nimekasirika na kituo cha mafuta, nimekasirika na mwenye nyumba, na wewe pia kidogo kwa kuwa mbali, na Baba kuliko wote. Napiga pasi mashuka ya watu, jasho linanichuruzika, na ninachokiona ni zile soksi mikononi mwake.

Sikuandikii ili unitumie hela. Hela hainisaidii kununua dumu nisiloruhusiwa kuliweka. Ninachokuomba ni upige simu nyumbani mchana, nikiwa kazini, kila siku utakayoweza. Wewe ndiye mwanawe mkubwa. Kwako hubisha kidogo kisha akakubali, mimi kwake bado ni yule wa kubebwa mgongoni. Mwambie siku hizi nabadilisha nguo kazini, natoka nikiwa mkavu. Ni kweli, nimeanza. Mwambie pia mafuta yakiisha nitayafuata mengine, foleni nimeshaizoea. Habari za barua hii usimtajie.

Nisalimie wifi yangu sana, na wanangu wote wawili, na mama mkwe wako kama bado yuko kwenu. Binamu yetu dereva ukimwona mwambie nasubiri ile picha aliyoniahidi. Mungu awalinde, awape riziki bila masharti, na mgongo wako aunyooshe.

Na ukipiga hiyo simu, tafadhali usimuulize Baba kama hita inawaka. Atakujibu inawaka, joto tele, kama alivyokujibu juzi ukaamini. Mwambie aisogeze simu karibu nayo. Ikiwaka inavuma, utaisikia. Usipoisikia, Kaka, usikate simu.

Mdogo wako akupendaye, hasira na yote,
Kitinda