Umeme Ulipomshika Swaleh

Baba yangu mpenzi,

Amani ya Mola ikufikie ulipolala, mchangani mwa Kizingitini. Nakuandikia kutoka mtaa wa Langoni, nimekaa ghorofani, dirisha li wazi. Sikupata wa kumwambia haya ila wewe, kwa kuwa wewe ndiwe uliyenitia hofu hii, na hofu hii ndiyo iliyoniachia mume.

Unakumbuka siku ya kitana? Ulikuwa umerudi skuli, vumbi la chaki bado li kwenye mikono ya kanzu. Mama alikuwa amemaliza kunichana. Ukakichukua kile kitana cha plastiki, ukakisugua kichwani mwangu, kisha ukakisogeza kwenye vipande vya karatasi ulivyovirarua. Vikaruka kukishika. Nikacheka, nikakuomba ufanye tena. Ukaniambia kuwa kila kitu kina chaji, chanya na hasi, na kwa kawaida zimelingana ndiyo maana hatuzihisi. Kusugua kumezihamisha zile za hasi kutoka nyweleni hadi kwenye kitana, nazo zimetulia pale. Zikitulia, ni mchezo. Zikipata njia zikatembea, huo ndio mkondo, na mkondo si mchezo.

Hapo uso wako ulibadilika. Kijijini kwetu umeme wenyewe ulikuwa haujaenea, lakini wewe ulikuwa ukiuogopa tayari. Ulinieleza kuhusu jirani yenu ulipokuwa ukisoma Mombasa: mke alinaswa na waya, mume akamkimbilia kumvuta, wakazikwa siku moja. Ukanishika mashavu ili nikutazame.

"Bahari utaiona ikiya," ukasema. "Umeme huuoni. Hutafuta ndia ya kuenda tini ardhini, na mwili wa mtu ni ndia. Mtu akishikwa, simguse. Zima kwanda, ndipo ulie."

Sikulala vizuri kwa siku nyingi. Mama alikulaumu kwa kumtisha mtoto. Wewe ulimjibu kuwa mtoto aliyeogopa ni bora kuliko mtoto aliyezikwa.

Sasa nikwambie yaliyotupata.

Nyumba hii ya mume wangu Swaleh ni ya mawe, ya wazee wake, na kuta zake hunyonya chumvi. Birika la kuhifadhia maji liko chini, uani. Tuliweka pampu ya kupandisha maji hadi tangi la juu, na waya wake ukapitishwa ukutani pale pale penye unyevu. Nilimwambia Swaleh mara kwa mara kuwa ule waya umeanza kupasuka ngozi. Alikuwa akinijibu kwa upole kuwa fundi atakuja.

Ilikuwa baada ya adhana ya alasiri. Maji hayakuwa yakipanda, akashuka kuangalia, miguu mitupu, uani kumelowa. Mimi nilikuwa jikoni. Nilisikia sauti ambayo sikuijua, kama mtu anayetaka kupiga kelele na mdomo si wake. Nilipotoka nilimwona ameishika pampu kwa mkono wa kulia, mwili wote umekakamaa, macho yananitazama. Alikuwa haachii. Hakuweza kuachia, Baba. Uliwahi kunieleza kuwa mkondo huibana misuli hata mkono ukawa si wa mwenyewe, lakini kusikia ni kitu kimoja na kuona ni kingine.

Mamake, Bi Rukia, alikuwa akitawadha. Naye alimwona. Akaja mbio, mikono inadondoka maji, amenyoosha vidole kumshika mwanawe. Nilijiona nikiruka mbele yake. Nilimsukuma kifuani kwa nguvu zangu zote, mtu mzima yule ambaye sijawahi hata kupandisha sauti mbele yake, akaanguka kwenye mikeka. Kisha nikampa Swaleh mgongo nikakimbia.

Swichi kuu iko kwenye daka, mlangoni pa nyumba. Ili kuifikia ilinibidi nimwache mume wangu akinitazama na nikimbilie upande wa nje. Nyuma yangu nikasikia Bi Rukia akilia: "Wenda wapi? Wamwata mwanangu?"

Niliendelea kukimbia. Nilichokuwa nikiogopa si kwamba Swaleh atakufa. Niliogopa kwamba atakufa akiamini nimemkimbia.

Nikaivuta swichi chini. Friji ikanyamaza, feni ikanyamaza, halafu nikasikia kishindo cha mtu kuanguka. Nilirudi, lakini sikuweza kumgusa mara moja, ingawa nilijua waya umekufa. Nilimgusa kwa ncha ya kidole kwanza. Alikuwa hapumui. Nikamlaza chali, nikamkandamiza kifua kama tulivyofunzwa skuli, huku Bi Rukia akisoma Ayatul Kursi kwa sauti iliyokatikakatika, mpaka Swaleh akavuta pumzi moja mbaya, yenye mkwaruzo. Wanaume wa mtaani walimpakia kwenye mkokoteni wakamkimbiza hospitali kupitia vichochoro, nami nyuma yao kwa buibui lililolowa.

Aliishi. Kiganja kimeungua na vidole viwili havikunjiki tena. Alipoweza kusema, nilimuuliza kama aliniona nikiondoka. Akasema aliniona. Nikamuuliza alidhani nini. Akajibu, "Nilikwambia moyoni, kimbia." Mpaka leo sijui kama ni kweli au ni kunihurumia.

Fundi alibadilisha nyaya zote, akafukia na waya wa kuupeleka umeme ardhini ikitokea hitilafu, akaweka swichi inayojikata yenyewe. Akatuambia tuwashe. Hakuna aliyesogea. Tulikuwa tumeishi kwa taa ya betri muda wote huo na nilikuwa radhi tuishi hivyo hadi kufa. Bi Rukia, ambaye tangu siku ile alikuwa akizungumza nami kwa maneno machache, alinijia pale dakani akanishika mkono wa kushoto.

"Washa, mwanangu," akasema. "Na leo sinisukume."

Nikawasha. Hakuna kilichotokea ila mwanga.

Lakini hofu haikuzimika, Baba. Nachomoa kila kitu kabla ya kutoka. Watu hunicheka nikivaa ndara za mpira kuwasha taa ya chooni. Swaleh ameanza kushuka tena uani mwenyewe, kwa kuwa mwanamume hawezi kuogopa maji ya nyumba yake milele, na mimi siwezi kumkataza. Hata sasa ninavyoandika yuko huko chini, pampu inavuma. Mkono wangu unaandika, masikio yapo uani.

Pampu imenyamaza.

Niliweka kalamu chini. Nilisimama juu ya ngazi, sikuweza kumwita.

Amekohoa, nami nimerudi kuandika. Anaimba kitu, vibaya kama kawaida yake. Tangi limejaa, basi.

Mola akupanulie kaburi lako na akutilie nuru isiyohitaji waya. Niombee moyo wangu utulie, nami nakuombea.

Mwanao uliyemtisha,
Mwanaisha