Nani Aliyefuta Maoni ya Mama?

4 Machi

Mwanangu,
Hujambo? Kazi zinaendaje? Mimi miguu inanisumbua, ila nadunda. Chini ya habari ya redio yenu kuhusu maji, niliandika kwamba bomba la mtaani kwetu linatoa maji ya kahawia na watoto wanaharisha. Asubuhi maoni yangu hayapo! Ukumbi huo wa maoni uliutengeneza wewe. Umenifuta?
Mama yako

7 Machi

Shikamoo mama,
Pole na miguu. Mimi mzima. Nikufute wewe, nina wazimu? Mfumo wangu unazuia matusi tu, na anayezuiwa huelezwa sababu. Hebu jaribu tena.
Mwanao

16 Machi

Mwanangu,
Natumaini u mzima. Mimi usingizi umenipaa. Nimeandika tena, nayaona kwenye simu yangu, kwa jirani hayaonekani. Na jana mwanaume mmoja kaja mlangoni: “Wewe ndiye Kifagio?” Jina hilo nalitumia humo tu! Wakati wa kujisajili mlitaka namba yangu ya simu, ukasema ni ya kuzuia watu bandia. Nani mwingine anaiona? Usinipigie. Niandikie.
Mama

9 Aprili

Shikamoo mama,
Samahani kwa kimya. Usifungulie mtu mlango. Nilipokuwa likizo, bosi aliamuru iwekwe kwenye mfumo swichi ya kuficha maoni bila mwenyewe kujua. Nikamuuliza, “Namba za watu umempa nani?”
“Wenzetu wa idara ya maji. Ni wadau.”
“Redio hii ni ya umma!”
Akacheka. “Umma ndio nani?”
Nimeing’oa swichi, nimefuta namba zote, na yaliyofichwa nimeyarudisha. Leo kadi yangu imekataa kufungua mlango wa ofisi.
Mwanao

13 Aprili

Mwanangu,
Nakuombea afya na moyo mgumu. Nimeyaona maoni, yangu na ya mitaa nisiyoijua kabisa, wote wanalia maji yale yale. Ila chini yake kuna maoni yenye jina lako na picha yako: “Wananchi wapendwa, maji ni salama, puuzeni uzushi.” Nilishtuka, nikayasoma tena. Si wewe. Tangu lini ukamwita mtu mpendwa? Nimewajibu pale pale, kwa jina langu kamili, kwamba mimi ndiye niliyekuzaa na mkono wako naujua. Sasa njoo nyumbani. Beba maji ya kunywa.
Mama yako