Tangi Kubwa, Paipu ya Nusu Inchi

Brayo,

Mimi ndiye mtu wa maji wa Lavington. Wewe unalijua hilo, lakini huko uliko pengine kuna watu hawajaambiwa, kwa hivyo waambie. Nikikaa nyumbani siku tatu, kuna majaji na madaktari wataenda kazini bila kuoga. Kuna balozi mmoja, nchi yake sitaitaja, alinipigia simu akiwa na sabuni machoni. "Fundi, usiniache hivi." Nikamwambia asubiri nimalize chai.

Ulikuwa unaicheka sana hiyo ya balozi. Kila nikiisimulia alikuwa anapanda cheo, na wewe unaniuliza, "Anko, si wiki jana alikuwa mwalimu mkuu?" Siku hizi nikiisimulia hapa kwa mamako hakuna anayeniuliza kitu. Dada yangu ananisikiliza mpaka mwisho, halafu anasema, "Sawa." Hiyo sawa yake inanimaliza.

Wacha nikupe habari za hapa Mountain View. Tangu tukupeleke nyumbani tukakulaza kando ya babu yako, mamako hajafungua lile dirisha la chumba chako linaloangalia Waiyaki Way. Anasema kelele za magari zilikuwa zako. Dawa zako za moyo bado ziko ndani ya kikombe juu ya friji. Nilijaribu kuzitoa, akaniangalia tu, nikazirudisha.

Kompyuta yako pia iko pale pale. Na ni hiyo kompyuta imenifanya nishike kalamu, mimi ambaye barua ya mwisho niliandika nikiwa darasa la saba, nilipoachia masomo.

Unakumbuka vile ilikuja. Niliibeba begani kutoka kwa yule mama wa Lavington, alinipa kwa sababu niliokoa nyumba yake isizame. Ilikuwa mashine ya ofisi, ya kuchapa barua, haikuwa na kadi ya grafiki ya kuchezea gemu. Na wewe valvu ya moyo ilikuwa imechoka. Ngazi za mjini zilishakushinda, ukabaki kuwaona marafiki zako ndani ya gemu tu, Jumamosi mchana, nyinyi wanne mkitembea msituni na bunduki. Ukaniambia, "Anko, nitafutie kadi. Lakini usiangalie GB peke yake."

Hapo ndipo uliponifundisha. Mwingine angenimwagia maneno ya chuo. Wewe uliniuliza, "Anko, tajiri akiweka tangi la lita elfu kumi juu ya nyumba, halafu ashushe maji na paipu ya nusu inchi, ataoga aje?" Nikakujibu, ataoga na kikombe. Hiyo nusu inchi nimegombana na matajiri juu yake maisha yangu yote. Ukasema basi, GB, ule ukubwa wa memori ya kadi, ni tangi. Kinachoendesha gemu ni maji yanayofika bafuni kila sekunde, na hayo yanategemea vitu viwili, upana wa paipu na presha. Upana ni zile biti zinazoandikwa kwa boksi. Presha ni aina ya memori. DDR3 ni memori ya kawaida ya kompyuta, presha yake ni ya chini. GDDR5 imetengenezewa kazi ya picha, hiyo inasukuma. Ukamaliza na onyo: "Kuna kadi mbili ziko na jina moja, boksi karibu moja, memori tofauti. Hapo ndipo mtego."

Nilielewa, Brayo. Wiki hiyo yote nilifundisha Lavington nzima. Kuna askari wa geti hawajui jina la mwajiri wao lakini wanajua GDDR5, kwa sababu yangu.

Ukaniandikia karatasi. Nikaenda mjini, nikapanda mpaka orofa ya nne, kwa vile vibanda vya eksibisheni vilivyojaa simu na nyaya. Msichana wa kibanda akaweka maboksi mawili kwa kaunta, yanafanana kama mapacha. Akasema, "Hii iko na GB mbili, hii iko na nne. Unataka gani, mzee?" Na karatasi yako, kama nilivyowaambia nyote, ilikuwa imelowa asubuhi hiyo. Paipu ilinipasukia mkononi, maji yakanirusha juu ya ua mpaka kwa jirani, wino wote ukaenda. Nikachukua ya GB nne.

Niliingia nayo nikiimba. "Uliomba mbili, nimekuletea nne. Anko wako hanunui nusu." Ukaligeuza boksi, ukasoma nyuma. Kisha ukasema, "Asante, Anko. Hii ni kali."

Nilikaa nyuma yako Jumamosi nyingi nikikutazama. Miti ya hiyo gemu ilikuwa mabonge ya kijani, kama ugali uliopakwa rangi. Nyumba hazikuwa na madirisha, ni ukuta tu. Adui wakija wengi picha inakwama, inadondoka tone, tone, na ikirudi wewe umeshalala chini, umekufa. Unavua hedifoni, unatafuta pumzi. Mimi nakuambia, "Umezembea, kijana. Ingekuwa mimi, hao wote ningewalaza." Na wewe unasema, "Ni kweli, Anko. Nimezembea."

Mwishowe wenzako wakawa wanaingia mechi kubwa watatu, wewe unabaki kutazama. Nilidhani ni moyo.

Jumamosi iliyopita Dama alikuja, yule wa timu yenu anayecheka mpaka majirani wanasikia. Hakucheka. Alikuwa na kadi yake ya akiba ndani ya mkoba. Akamwomba mamako ruhusa, akafungua kompyuta na bisibisi yangu, akatoa kadi yangu akaweka yake. GB mbili. Akawasha gemu ile ile, msitu ule ule.

Miti ina majani, Brayo.

Kila jani peke yake, na upepo ukipita yanageuka. Nyumba zina madirisha, na madirisha yana mapazia. Adui walikuja kundi zima na picha haikukwama hata mara moja. Nikamuuliza Dama kwa nini yako haikuwa hivi. Akasema, "Alishusha ubora wa picha mpaka chini kabisa, Anko, ndio hiyo DDR3 iweze kubeba. Na bado ilimshinda. Sisi tulitaka kuchanga tumbadilishie, akakataa. Akasema, 'Anko ataona.'"

Mamako alikuwa amesimama mlangoni. Aliangalia ile miti muda mrefu. Akasema, "Kumbe ni hii alikuwa anataka kuona," akaketi kitandani kwako, mara yake ya kwanza tangu tukuzike.

Mimi niliyewacheka matajiri miaka yote hiyo nilikuwekea paipu ya nusu inchi ndani ya chumba chako. Ukaoga na kikombe mpaka siku yako ya mwisho, na ukaniambia asante.

Valvu yako singeweza. Kanisani niliwaambia watu kwamba madaktari wangenipa nusu saa tu na spana yangu, lakini mimi na wewe tunajua. Majani ningeweza. Majani yalikuwa pale kwa kaunta, boksi la kushoto.

Basi lala, mtoto wa dada yangu. Dama ameiacha kadi yake ndani. Jumamosi nitaketi kwa kiti chako, wale watatu wamekubali kunivumilia. Sitapiga mtu. Nitatafuta mti mmoja mkubwa nisimame chini yake, niangalie juu, mpaka wanitoe. Hiyo ni ahadi, na haitapanda cheo.

Halafu ile karatasi. Haikulowa. Iko hapa mbele yangu, kavu, wino wote upo. "GDDR5, 2GB. Usikubali DDR3 hata wakikupa 4GB." Umepiga mstari chini, mara mbili. Siku ile niliishika pale kwa kaunta, nikaisogeza mbali mpaka mkono ukaisha, na sikuona hata herufi moja. Macho yangu ya karibu yalienda zamani, sikuwahi kuwaambia. Yule msichana akaniuliza, "Nikusomee, mzee?" Nikaikunja, nikairudisha mfukoni. Nikamwambia ninayo yote kichwani, na sikumuuliza GDDR5 ni gani, asije akajua sioni.

Barua hii nimeiandika na miwani ya mamako.

Anko wako