Maji Safi Kuliko Yote Mutanga Nord

Jumapili, 6 Julai 2025

Sifuri. Nimetumbukiza kalamu ya kupimia uchafu wa maji mara mbili, mara zote sifuri. Hakuna chokaa, hakuna kutu ya bomba, hakuna chochote — maji matupu. Nikamwita Mama aje aone. Mama ni mama mzazi wa Huseni, mume wangu. Tangu Huseni apatwe na kiharusi baada ya Idi, Mama anakaa nasi hapa, na kusema kweli bila yeye ningekuwa nimeshachanganyikiwa.

Nikamwambia: Mama, Bujumbura nzima hakuna maji safi kuliko haya. Hata ya chupa hayafiki. Akalitazama pipa la bluu kwa heshima, akauliza mara ya pili kama ni kweli. Nikamwapia.

Niandike nisije nikasahau, maana mambo haya yalikuwa kichwani mwa Huseni na sasa yamehamia kwangu. Maji ya bomba yanapita chujio la mchanga, halafu la makaa, halafu ule utando mwembamba tuliofungiwa na Léonce, fundi maji wa Cibitoke. Kutoka hapo yanadondoka pipani, uani. Maji ya tangi la samaki wa baharini yakipungua kwa joto hili la Julai, chumvi inabaki. Kwa hiyo unaongeza maji matupu kutoka pipani, huongezi ya chumvi. Wengi wanakosea hapo. Mimi nilielewa siku ya kwanza.

Na uani pametulia sasa. Sementi tuliyomwaga ua mzima imekauka, ngumu kama jiwe — nilimsimamia fundi mwenyewe, kila alipotaka kuweka mchanga mimi nikaongeza sementi. Mlimau niliukata kwanza, majani yake yalikuwa yanaangukia pipani. Mama alisimama tu pale ulipokuwa, akaangalia chini.

Jumatano, 9 Julai

Jirani Daphrose amepita kuchukua gauni lake nililomshonea, akatucheka tena. Eti ziwa liko hapo chini, samaki wake wanapandishwa ndege kwenda kukaa kwenye matangi ya vioo ya Wazungu, na sisi tunaleta bahari Mutanga Nord kwa gunia la chumvi! Nikamwambia ndiyo, tumeileta, na inakaa vizuri.

Bahari ni ya Huseni. Alikuwa anafanya kazi kwenye depo moja ya Zone Industrielle, kule kwenye viwanda, anatumwa Dar kufuata makontena, na safari moja akarudi na chumvi na samaki ndani ya mfuko uliojaa hewa. Wamebaki wawili. Rangi ya chungwa, mistari myeupe, mmoja mkubwa na mmoja mdogo. Mkubwa ana kiburi, ananikumbusha mtu.

Alipotoka hospitali Huseni alilala akiangalia ukuta. Ukuta tu! Ukimgeuza, anarudi. Mpaka siku niliyosogeza kiti chake mbele ya tangi. Akageuza kichwa mwenyewe. Tangu hapo anawafuata kwa macho, mkono wa kushoto juu ya kioo, chakula anakula, mazoezi ya mguu anakubali. Wiki iliyopita alimwambia yule mkubwa "njo". Nilisikia kwa masikio yangu. Mimi hajaniambia neno hata moja. Sioni wivu. Kidogo.

Samaki hawa wakifa Huseni atarudi ukutani. Najua. Kwa hiyo hawafi.

Ijumaa, 11 Julai

Kalamu imesema tisa. Si mbaya. Lakini si sifuri.

Pipa linanukia marashi kwa mbali. Ni mikono yangu, nadhani. Nashona nguo za harusi wiki hii, na bibi harusi mwenyewe ni kama ameoga chupa nzima.

Mama alimwandikia Huseni kombe leo baada ya Alasiri, kama kila siku. Anaandika aya kwa zafarani kwenye ile sahani nyeupe, anaiosha kwa maji na marashi ya waridi, Huseni anakunywa. Daktari ana dawa zake, mimi nina samaki, Mama ana sahani. Sote tunavuta kamba moja.

Jumatatu, 14 Julai

Thelathini na moja!

Kioo kimeshika ute wa kahawia. Maji ya tangi yamekuwa kama yaliyooshewa mchele. Nimefuta kioo, nimeongeza maji kutoka pipani, jioni yamezidi kuchafuka. Mdogo amejificha nyuma ya jiwe, chakula kinampita puani. Huseni amekunja uso siku nzima, ananiangalia mimi, anaangalia tangi, ananiangalia mimi.

Ni utando wa Léonce. Hakuna kingine. Nimempigia simu. Akasema ule utando ni mzima, mi mwenyewe nilikuona unafungua plastique yake, dada. Nikamwambia kama amezoea kuwafungia watu vitu bandia, hii nyumba si ya majaribio. Halafu akasema atakuja akipata njia, esansi hakuna, vituo vya mafuta vimekauka. Nikakata.

Nilisema vizuri. Mtu asichezewe.

Jumanne, 15 Julai

Mdogo amekufa.

Nilitaka kumtoa Huseni asione, lakini yeye ndiye aliyemwona kwanza. Nilipoingia na chai mkono wake ulikuwa umeshatoka kwenye kioo. Uko mapajani. Hakula mchana, hakula usiku. Nikamgusa bega, akafumba macho.

Mama amelia jikoni. Leo amemwandikia kombe mara mbili, asubuhi na Alasiri.

Naogopa. Naandika hapa kwa kuwa hapa hakuna anayesikia.

Alhamisi, 17 Julai

Léonce amekuja kwa baiskeli kutoka Cibitoke, shati limeloa jasho, utando mpya ndani ya mfuko. Hakunisalimia kwa jina. Kabla hajafungua mfuko nikajiuliza: hivi mimi napima wapi? Pipani. Siku zote pipani, kwa kuwa ndiyo maji ninayotumia. Nikachukua bakuli, nikakinga chini ya mpira wenyewe, pale maji yanapotoka kwenye utando kabla hayajafika pipani.

Sifuri.

Nikatumbukiza kalamu pipani. Arobaini na nane.

Tukaangaliana. "Dada," akasema, "membrane yangu iko sawa. Kuna mutu anatia kitu humu ndani."

Nikamwomba radhi. Akasema hakusikia vizuri. Nikarudia kwa sauti. Akasema na kwenye simu je, ile ya bandia? Nikairudia na hiyo, ndipo akakubali chai. Ana haki, lakini alivyokuwa anakoroga sukari kama bwana harusi! Kaniachia utando mpya hata hivyo, akasema nikiwa na shida nimpigie, ila nianze na habari za asubuhi.

Mkubwa yuko juu ya maji, anahema. Huseni anaangalia ukuta wa upande, si tangi.

Kesho nahamishia cherehani kwenye mlango wa nyuma. Sitasema kitu kwa mtu. Anayetia kitu pipani nitamkamata, na Mungu amsaidie.

Ijumaa, 18 Julai

Nimemkamata.

Baada ya Alasiri, Huseni ameshakunywa kombe lake. Nilikuwa napinda pindo la gauni, kichwa chini. Mama akatoka jikoni na sahani nyeupe imefunikwa kitambaa, na jagi, na kikombe cha wino wa zafarani, vyote kwenye sinia. Kavua kandambili. Akafunua pipa, akasema bismillahi, akamimina. Polepole sana. Akasuuza sahani kwa maji ya jagi, akamimina, akasuuza kikombe, akamimina. Halafu akapitisha kidole ukingoni ili tone lisianguke chini.

Nilisimama, gauni likaanguka.

"Mama, unafanya nini?"

Hakushtuka hata. Akanijibu kama mtu anayeulizwa kwa nini anafagia. "Maji ya kuosha kombe haimwangwe penye watu wanakanyaga, mutoto wangu. Ni Kurani hii. Zamani nilikuwa namwanga kwa mulimau, chini ya mizizi, inaingia mu udongo vizuri. Sasa kila pahali ni sementi. Mi nikafikiri sana. Na we mwenyewe uliniapia, maji hii iko safi kupita yote ya Bujumbura. Nikasema basi, pahali pake ni hapa."

Kila neno lilikuwa langu. Mlimau niliukata mimi. Sementi niliongeza mimi. Kiapo nilikula mimi. Mama wa watu alitafuta mahali pasafi, na mimi ndiye niliyemwonyesha.

Nikamwambia taratibu, nikamwonyesha kalamu, nikamweleza kwamba zafarani na marashi na maji ya bomba ni chakula cha ule uchafu wa tangi. Akaketi juu ya ndoo. "Ule mudogo. Ni mi nilimuua?" Nikamwambia hapana, Mama, ni mdomo wangu. Nikamshika mkono. Mkono wake unanukia waridi, kama pipa.

Jumamosi, 19 Julai

Naandika nimekaa kwenye ngazi ya nyuma, vumbi mpaka kwenye kope.

Mpango ulikuwa rahisi: mwaga pipa, sugua, jaza upya, badilisha maji ya tangi kwa mapya yaliyotiwa chumvi leo hii kabla mkubwa hajafuata mdogo. Nimempigia Léonce, nikaanza na habari za asubuhi. Amefika, anakinga maji mapya kwenye ndoo kutoka kwenye mpira. Sifuri. Hapo hatuna wasiwasi.

Nikaburuta pipa hadi kwenye mfereji wa maji machafu. Mama akasimama mbele yangu, mikono imefunguka. Hakupiga kelele. Akasema tu: "Mu mufereji apana, Soumaya."

Nikataka kubishana. Nikashindwa. Mimi ni mtu wa kalamu na sifuri, lakini yale ni maneno niliyofundishwa nikiwa mdogo, na siwezi kuyapeleka kunakopita maganda na mikojo. Kwa Daphrose je? Bustani anayo, lakini mbwa wake wawili wanalala humo. Barabarani ndiyo kabisa, kila mtu anakanyaga. Pipa zima la kombe, na sina udongo wa kulimwagia! Tukabaki tumelizunguka, mimi na Mama, na Léonce ambaye ni Mkristo akavua kofia bila kuambiwa.

Huseni alikuwa mlangoni kwenye kiti chake. Nilimtoa nje ili asikae na ule ukuta. Nikasikia sauti. Nilifikiri ni Léonce.

"Vunja."

Mkono wa kushoto umenyooka, kidole pale ulipokuwa mlimau. Hakuwa anaangalia samaki. Alikuwa ananiangalia mimi. Mama akaketi chini palepale, hakuchagua mahali.

"Vunja sementi," akasema. Maneno mawili. Mazito, yanaburuzika, lakini mawili, na yangu.

Nikalia. Halafu nikaenda kuchukua nyundo.

Léonce ana tindo kwenye mkoba wake, ameniazima, akataka kupiga yeye. Nikakataa. Nimepiga mpaka kiganja kimechubuka na sementi haijatoa hata ufa. Fundi wa sementi alinionya siku ile, akaniambia mama, hii imezidi. Nikamwambia anyamaze aongeze.

Mama amekaa anashikilia kifuniko cha pipa kwa mikono miwili, anasoma kimoyomoyo. Ndoo imefika nusu. Nimechungulia tangi ndani ya nyumba: mkubwa bado anahema, mkia unacheza. Huseni anasema vunja kila ninapopumzika, na sasa ninavyoandika badala ya kupiga, ananicheka. Upande mmoja wa mdomo tu. Lakini ni kicheko, nakijua, amenicheka miaka kumi na mmoja.

Amesema tena. Narudi kupiga.