Samaki wa Wakonyo

Mukurweini

Baba Wakonyo,

Huku tumepata mvua, na ng'ombe amezaa ndama wa kike. Lakini yule samaki wa dhahabu wa mtoto wetu anaelea tumbo juu, hawezi kuzama. Daktari wa mifugo alicheka kwanza, kisha akasema, "Mama, huyu amelishwa kupita kiasi. Mnyime chakula siku chache, halafu umpe minji, yaani njegere, za kuchemsha, bila maganda."

Nimemnyima. Bado kila asubuhi napata vipande vya chapati juu ya maji, vimemegwa vidogo vidogo vile Wakonyo alikuwa akimmegea.

Usiniambie tena ati ni mawazo. Njoo ujionee. Niko peke yangu hapa, na sijapika chapati tangu tumzike.

Ni mimi,
Mama Wakonyo